Nusu kwa nusu? Mali ya ndoa, jasho la mke na sheria inavyosema

Kila ndoa ya mtu maarufu inapovunjika, mjadala wa mali huanza siku hiyohiyo, na kambi mbili hujitokeza. Ya kwanza husema mwanamke wa siku hizi akiachika anabeba nusu ya kila kitu, hata kama hakutoa senti. Ya pili husema nyumba ni ya yule ambaye jina lake limo kwenye hati, basi. Zote mbili zimekosea, na makosa hayo yanaumiza watu. Mume anayeamini la kwanza huandikisha mali kwa majina ya ndugu zake. Mke anayeamini hilohilo hajisumbui kutunza hata risiti moja, maana anajua nusu yake ipo. Na mke anayeamini la pili hufunga virago na kurudi kwao mikono mitupu baada ya miaka ishirini ya ndoa, bila kuuliza mtu wala kugonga mlango wa mahakama.

Maelezo haya yanahusu Tanzania Bara, inakotumika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Zanzibar ina utaratibu wake, ambako mahakama za kadhi ndizo zenye uzito kwa Waislamu. Kenya ina sheria yake pia, na tutaigusa kwa sababu hukumu moja ya huko imechangia sana kuvuruga mjadala wa huku.

Maneno ya kuanzia

Mali ya ndoa ni ile iliyopatikana wakati wa ndoa kwa juhudi za pamoja za mume na mke: nyumba waliyojenga, shamba walilonunua, gari, duka, mifugo, hata samani za ndani. Mali binafsi ni ile ambayo mtu aliingia nayo kwenye ndoa, au aliyopewa yeye mwenyewe kama zawadi au urithi. Mchango ni kila kitu ambacho mmoja wao ameweka ili mali ipatikane, na sheria inataja vitu vitatu: fedha, mali, au kazi. Mgawanyo ni kitendo cha mahakama kumpa kila mmoja fungu lake pale inapovunja ndoa au inapoamuru watengane rasmi. Mirathi ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa inahusu mali ya marehemu. Sheria zake ni tofauti na matokeo yake kwa mwanamke ni tofauti mno. Tutairudia mwishoni.

Mpaka kati ya mali binafsi na mali ya ndoa haukuwekewa zege. Mume anaweza kuwa alinunua kiwanja miaka mitatu kabla ya kuoa, na kiwanja hicho kikawa chake peke yake. Lakini wakijenga juu yake baada ya harusi, au mke akakiendeleza kwa kiasi kikubwa kwa nguvu zake, sheria inasema mali hiyo nayo inaweza kuingia kwenye mgawanyo. Kinachotazamwa hapo ni kile kilichoongezwa wakati wa ndoa, na nani alikiongeza.

Kifungu cha 114 kinavyofikiri

Moyo wa jambo lote ni kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa. Ili kukielewa, chukulia watu wawili wanaofungua mgahawa. Mmoja analeta mtaji wa kukodi fremu na kununua masufuria. Mwingine hana hela, lakini anaamka saa kumi alfajiri, anachemsha maharage, anapika wali, anahudumia wateja na kuosha vyombo mpaka usiku. Baada ya miaka mitano mgahawa umezaa tawi la pili. Siku wakiachana, hakuna mtu mwenye haki atakayesema mpishi hana chake kwa sababu hakuleta mtaji. Lakini pia hakuna atakayetamka papo hapo kwamba kila mmoja ana nusu, kabla ya kuuliza nani alifanya nini na kwa muda gani.

Ndivyo mahakama inavyotakiwa kufanya. Inatazama mila za jamii ya wahusika, ukubwa wa mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni waliyokopa kwa manufaa ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya kupima hayo yote, sheria inaiambia mahakama ielekee kwenye usawa wa mgawanyo. Maneno hayo ya mwisho husahaulika sana, hata na wanaoijua sheria. Hayasemi nusu kwa nusu ni lazima. Yanasema usawa ndio uelekeo, na anayetaka mizani iegemee upande wake ana kazi ya kuonyesha kwa nini.

Je, kupika, kufua na kulea ni kazi kwa maana ya sheria? Kwa miaka kumi na zaidi mahakimu walibishana. Baadhi waliamua kwamba mke wa nyumbani alikuwa akitimiza wajibu wake wa ndoa tu, hivyo hakuchangia mali yoyote. Ubishi huo ulikatwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, enzi za Jaji Mkuu Francis Nyalali. Mahakama iliamua kwamba juhudi za pamoja ni pamoja na kazi za nyumbani, kwa sababu anayetunza nyumba humpa mwenzake nafasi na utulivu wa kwenda kutafuta. Hadi leo hakuna shauri la mali ya ndoa linalosikilizwa bila jina hilo kutajwa.

Kuna sehemu ya hukumu hiyo ambayo haisimuliwi. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama ilikubali kanuni aliyoipigania, kisha ikaona kwamba mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzishia mradi wa familia, naye akazitumia vibaya, kwa hiyo alihesabiwa kuwa ameshachukua fungu lake. Aliwafungulia mlango maelfu ya wanawake, yeye akabaki nje. Anayedhani kutambuliwa kwa kazi za nyumbani kunamhakikishia mke nusu ya mali aisome hukumu hiyo mpaka ukurasa wa mwisho.

Hukumu ya Kenya iliyowachanganya wengi

Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa uamuzi katika shauri la Joseph Ombogi Ogentoto na Martha Bosibori Ogentoto. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 45, inasema mume na mke wana haki sawa wakati wa ndoa na inapovunjika. Wengi walitafsiri ibara hiyo kwamba mali igawanywe katikati. Mahakama ikasema hapana: usawa wa haki haumaanishi usawa wa mafungu, na kila mmoja apate kadiri alivyochangia. Vichwa vya habari vikatangaza kwamba wanawake wamenyang'anywa nusu yao.

Soma zaidi ya kichwa cha habari. Mahakama hiyohiyo iliacha mgawanyo wa nusu kwa nusu katika shauri hilo usimame, kwa kuwa ushahidi ulionyesha wote wawili walichangia. Tena Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2013 inataja kwa maandishi kwamba mchango ni pamoja na kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kuwa mwenza, kusimamia biashara ya familia na kulima. Yale ambayo Tanzania iliyapata kwa hukumu ya majaji, Kenya imeyaandika ndani ya sheria yenyewe. Hapo wenzetu wametutangulia, na sioni sababu ya sisi kuendelea kutegemea tafsiri ya mahakama peke yake wakati Bunge linaweza kuliandika jambo hili kwa mistari miwili.

"Hati ina jina langu"

Jina kwenye hati ni dhana ya kuanzia, na dhana hupinduliwa kwa ushahidi. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa kinasema mali iliyo kwa jina la mmoja itachukuliwa kuwa ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, itachukuliwa kwamba wana haki sawa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tofauti ya dhana hizi mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kwenye hali ya kwanza mke ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha, na kwenye ya pili mzigo unamhamia anayetaka zaidi ya nusu.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeongeza kinga nyingine. Ardhi ikiwa kwa jina la mmoja, lakini mwenzake ametumia nguvu zake kuilima, kuitunza au kuiendeleza, anahesabika kuwa amepata haki ndani ya ardhi hiyo kwa jasho lake. Na nyumba wanamoishi mume na mke haiwezi kuuzwa, kupangishwa, kutolewa zawadi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Benki inayokopesha na mnunuzi anayenunua wana wajibu wa kuuliza kama ridhaa hiyo ipo. Muuzaji akiwadanganya kwamba hana mke, mke anaweza kwenda mahakamani mauzo yabatilishwe.

Mwanamke anayesikia tetesi za kuuzwa nyumba asisubiri dalali aje na wateja. Kama kiwanja kimepimwa na kina hati, aende kwa Msajili wa Hati aweke zuio, kwa sababu sheria inamtambua kuwa na maslahi yanayoweza kulindwa kwa njia hiyo. Kama ni ardhi ya kijiji, aandike barua kwa halmashauri ya kijiji, abaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Mali inayoponyoka kabisa ni ile iliyojengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine. Wanandoa wengi hujenga nyumba nzuri kwenye kiwanja cha mama mkwe au ndani ya eneo la ukoo, kwa sababu ni bure. Siku ya mgawanyo, mahakama haiwezi kugawa mali ya mtu ambaye hayumo kwenye ndoa ile. Kabla ya kumwaga zege hapo, pawepo maandishi ya mwenye ardhi kwamba ametoa kipande hicho kwa mume na mke, chenye vipimo na mashahidi.

"Mkikaa miezi sita mmeshaoana"

Hakuna sheria inayosema hivyo. Kifungu cha 160 kinasema mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kuwa ni mume na mke, itadhaniwa kwamba wameoana. Dhana hiyo nayo inaweza kupinduliwa. Mojawapo ya njia za kuipindua ni kuonyesha kwamba mmoja wao tayari alikuwa amefunga ndoa ya mke mmoja na mtu mwingine, kwa hiyo hakuwa na uwezo wa kuoa au kuolewa tena. Dhana ikisimama, mahakama inaweza kuamua juu ya matunzo, watoto na mali. Lakini aliyeishi na mtu kwa miezi minane, na mwenye nyumba ndiye pekee aliyewajua, hana pa kuegemea.

Njia ya kwenda mahakamani, na inapokatikia

Mahakama haigawi mali ya watu ambao bado ni mume na mke na hawajatengana kisheria. Kwa hiyo dai la mali hubebwa mgongoni na dai la talaka au la kutengana. Ndiyo maana kosa dogo kwenye utaratibu wa talaka huangusha na mali.

Hatua ya kwanza ni baraza la usuluhishi wa ndoa, liwe la kata au la dini linalotambuliwa, kama BAKWATA au la kanisa. Baraza likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati inayosema hivyo, na hati hiyo isiwe imepita miezi sita siku unayofungua shauri. Barua ya mwenyekiti wa mtaa au muhtasari wa kikao cha wazee wa pande mbili haviwezi kushika nafasi yake. Mashauri yamewahi kufika mpaka Mahakama ya Rufani, baada ya miaka ya gharama, na kufutwa yote kwa sababu baraza lilirukwa au hati ilikuwa na kasoro. Sheria inaruhusu kwenda bila hati kwa sababu chache, kwa mfano mwenza ametoroka na hajulikani alipo, au amekataa kwa makusudi kuitika wito wa baraza. Na ndoa ambayo haijafikisha miaka miwili inahitaji kibali cha mahakama kwanza.

Baada ya hapo shauri linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Kwa watu wengi Mahakama ya Mwanzo ndiyo ya karibu na gharama nafuu, na lugha yake ni Kiswahili.

Wanawake wa Kiislamu wanahitaji kuangalia jambo moja la ziada. Talaka iliyoandikwa na mume, hata ikiwa imethibitishwa na shehe, haitoshi kugawa mali mahakamani. Baraza likishindwa kuwapatanisha na talaka ikatolewa kwa taratibu za Kiislamu, mahakama itaitambua na kutoa amri ya kuvunja ndoa, na amri hiyo ndiyo inayofungua mlango wa mgawanyo. Wengi wana karatasi ya talaka sandukuni na wanadhani safari imekwisha.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mahali msemo huu unauma kama kwenye kesi hizi. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba ukubwa wa mchango ni suala la ushahidi. Anayedai "nilimsaidia sana kujenga" na kukaa chini, atapewa kidogo au asipewe.

Udhaifu wa kwanza huanzia siku ya kununua kiwanja. Mkataba wa mauziano unaandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mume anasaini kama mnunuzi, mke anasaini kama shahidi wa upande wa mnunuzi. Anaridhika kwa sababu jina lake limo. Miaka kumi na tano baadaye karatasi hiyohiyo inamsomea kwamba yeye alikuwa shahidi tu. Asaini kama mnunuzi mwenza. Hilo halina gharama siku hiyo, na halihitaji wakili.

Pengine fedha ya mke ndiyo isiyoonekana. Amekopa milioni mbili SACCOS au amevunja hisa zake za vikoba, akamkabidhi mume taslimu, mume akanunua bati na kupewa risiti kwa jina lake. Deni analilipa mke, ushahidi anao mume. Afadhali fedha ipite kwenye simu au benki, na maelezo ya muamala yaseme ni ya nini. Mke atunze kitabu cha mikopo, risiti za saruji na nondo, makubaliano na fundi, na picha za hatua za ujenzi zenye tarehe. Atunze nakala nje ya nyumba ile, kwa mzazi au ndugu anayemwamini, maana siku ya ugomvi kabati ndilo la kwanza kufungwa.

Anayedai kwa kazi za nyumbani hana risiti, ila ana mashahidi. Majirani, mwalimu wa watoto, fundi aliyepikiwa chakula kipindi chote cha ujenzi, vibarua aliowasimamia shambani. Aeleze kwa ukamilifu: tumeoana mwaka huu, kiwanja kilinunuliwa mwaka huu, mume alikuwa kazini mkoa fulani, mimi ndiye nilikuwa eneo la ujenzi, shamba la ekari tatu nililima mimi na mazao yalilipa ada. Na kila mali itajwe kwa mahali ilipo, ukubwa na mwaka ilipopatikana. Dai la "tuna nyumba tatu na viwanja" humwacha hakimu bila cha kugawa.

Ni haki kusema wazi kwamba utaratibu huu unamlemea zaidi yule ambaye hakuwahi kushika karatasi za familia, na kwa kawaida huyo ni mke. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hufanya kazi hii bila malipo, na mashirika ya msaada wa kisheria kwa wanawake kama TAWLA na WLAC yamejenga uzoefu mkubwa kwenye mashauri ya namna hii. Aende mapema, kabla ya kusaini chochote.

Mke akiwa ndiye mtafutaji

Sheria haikuandikwa kwa ajili ya mke peke yake. Leo wako wanawake wenye maduka ya jumla, malori na nyumba za kupangisha, na waume zao ndio wanaobaki na watoto. Kipimo ni kilekile: mume aliyelea watoto na kusimamia wapangaji naye ana mchango. Hata hivyo wajibu wa matunzo haujabadilika kwa kiasi hicho. Kifungu cha 63 kinamtaka mume kumtunza mkewe, ilhali mke mwenye uwezo anawajibika kumtunza mume pale tu ambapo mume hawezi kujipatia riziki kwa sababu ya ugonjwa au ulemavu. Kwa hiyo hoja kwamba mke mwenye mshahara amepoteza haki ya matunzo haina msingi.

Wanaotaka uhakika zaidi wanaweza kuandikiana makubaliano kuhusu mali. Kifungu cha 58 kinasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya mtu, isipokuwa wenyewe wamekubaliana vinginevyo.

Kifo si talaka

Hapa ndipo usawa unapokatika vibaya. Kifungu cha 114 hakitumiki mume anapofariki. Hutumika sheria ya mirathi: ya Kiislamu, ya kimila, au ile ya kiserikali inayotokana na sheria ya India ya mwaka 1865. Kwa Kiislamu mjane mwenye watoto hupata moja ya nane, asiye na watoto robo. Kwa ile ya kiserikali, mjane mwenye watoto hupata theluthi moja. Mila zilizoandikwa mwaka 1963 zinamweka binti katika daraja la tatu la urithi, na mjane mwenye watoto anaambiwa atatunzwa na watoto wake.

Mahakama zimeligusa jambo hili kwa kusuasua. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, akiwa Mahakama Kuu Mwanza, aliamua katika shauri la Holaria Pastory kwamba mila ya Kihaya inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi inavunja Katiba, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanaume. Lakini mila za urithi zenyewe zilibaki. Wajane wawili wa Kitanzania walizipinga hadi Mahakama ya Rufani bila mafanikio, kisha wakaenda kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema Tanzania imevunja haki zao na kuitaka ibadilishe mila hizo.

Kwa mjane, jambo la kufanya kwanza ni kutenganisha kilicho chake na cha marehemu kabla orodha ya mirathi haijajazwa. Kinachorithiwa ni mali ya marehemu tu. Kama nyumba ina majina mawili, fungu la mjane si mirathi. Kama shamba aliliendeleza kwa jasho lake, aseme hivyo kwa maandishi mbele ya mahakama iliyofunguliwa shauri la mirathi, na alete ushahidi uleule ambao angeuleta kwenye talaka. Anaweza pia kuomba yeye mwenyewe kuwa msimamizi wa mirathi, kwani hakuna sheria inayosema kazi hiyo ni ya shemeji. Na shemeji hawezi kumrithi yeye: Sheria ya Ndoa inasema mjane yuko huru kuishi anakotaka na kuolewa na amtakaye, au asiolewe kabisa.